MBEGU YA KESHO HUTAFUTWA LEO



Kupata mbegu mpya ya muhogo huchukua miaka mingi, mara nyingi minane au zaidi. Kwa hiyo mtafiti hangoji ugonjwa ufike ndipo aanze kazi. Hutazama mbele.

Michirizi kahawia ni mfano. Watafiti wa Amani, Tanga, waliueleza ugonjwa huu mwaka 1936. Kwa miaka mingi ulidhaniwa kuwa wa nchi za chini tu. Mwaka 2004 ulionekana Uganda, nchi ya juu.

Nawe tazama mbele. Ng'oa mashina machache, ukate mihogo. Ukiona madoa makavu ya kahawia ndani, mwambie Bwana Shamba. Pingili za shamba hilo usipande, wala usimpe jirani. Habari yako humwonyesha mtafiti ugonjwa unakoelekea.