Mwacheni Kikande Baharini

Jamani, mtu akifuga simba chumbani tutamwita mwendawazimu. Akifuga kikande sebuleni, eti ni mtu wa starehe. Mimi nakataa.

Nazungumzia kikande yule mweusi, mwenye madoa makubwa meupe tumboni na mdomo wa manjano. Ni samaki wa miamba, kuanzia Afrika Mashariki mpaka Samoa. Anauzwa akiwa mdogo, anatosha kiganjani, anapendeza kama kitenge. Lakini akikua anafika sentimita 50, na meno yake yanavunja gamba la kaa. Ndani ya tangi anapindua mawe, anang'ata wenzake mapezi, hata mkono wa anayemlisha anauuma. Hapo mwenye nyumba anaanza kulalamika: huyu samaki ana roho mbaya!

Roho mbaya gani, bwana? Baharini pia kikande ni mkali, sitadanganya. Ana eneo lake na analilinda. Ila huko samaki akifukuzwa anakimbia, mambo yanaisha. Kikande mwenyewe akitishwa anaingia kwenye tundu la mwamba, anasimamisha mwiba wa mgongoni, hakuna wa kumvuta. Sasa ndani ya tangi la mita moja na nusu, anayefukuzwa akimbilie wapi? Ugomvi uleule humu unaishia kwenye kifo.

Wanaowafuga wanajitetea: analishwa kila siku, maji yanasafishwa, haliwi na papa. Sisi wa Kakuma hoja hiyo tunaijua vizuri. Kulishwa ni kitu kimoja, kuwa na nafasi ni kitu kingine. Nafanya kazi na vijana hapa. Kila wakigombana uwanjani nasikia: "Vijana wa kambi ni wakali." Uwanja ni mmoja, timu ni nyingi, na kusafiri nje ya kambi ni mpaka upate kibali. Pimeni nafasi kwanza, ndiyo mpime ukali.

Kijana si samaki, hilo najua. Lakini jicho linalowahukumu ni lilelile: linaona meno, halioni kioo.

Kwa hiyo wewe mwenye pesa, kama kweli unampenda kikande, mfuate kwake. Nenda Watamu au Kisite, vaa miwani ya maji, mtazame kwenye mwamba wake, halafu rudi nyumbani bila yeye. Na dukani ukimwona yule mdogo wa kiganjani, usimnunue. Wanunuzi wakikosekana, hakuna atakayetumwa kumvua.