Marehemu Hadaiwi Bahasha

Turubai lilikuwa limeshafungwa, sufuria la chai linachemka, wanawake wa jumuiya wako mkekani wanasali rozari, nilipoitwa nyuma ya nyumba. "Katibu, njoo na daftari." Nikaenda. Parokiani walitaka barua ya jumuiya kabla ya kupanga misa ya mazishi. Tukafungua ukurasa wa marehemu. Mahudhurio: vema nne, kisha msururu wa mikasi. Zaka: bahasha mbili mwaka mzima. Ujenzi: patupu.

Mama yule alikuwa akikaanga mihogo kituo cha daladala tangu alfajiri. Jumuiya yetu inasali Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati karai lake ndio kwanza limepamba moto. Nililijua hilo vizuri, maana nikitoka kusali nilipitia kwake kununua. Hata hivyo niliandika "si mwanajumuiya hai", nikatia sahihi, mwenyekiti akagonga muhuri. (Hai! Tunaandika hivyo juu ya mtu aliyelala kwenye jeneza, na hakuna anayecheka.) Padre hakuja. Katekista ndiye aliyemzika, bila misa, na watoto wake wakajua mbele ya mtaa mzima kwamba mama yao alikuwa Mkristo wa daraja la pili.

Sehemu yangu ya dhambi hiyo nimeshaipeleka kitubioni. Leo naandika kwa hasira.

Nani alitupa ruhusa hii? Fungueni Sheria za Kanisa za mwaka 1983. Kanuni ya 1184 inawataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa: walioasi imani, wazushi na waliojitenga na Kanisa wanaojulikana hivyo, waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu zinazopinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kungewakwaza waamini. Hata hao, wakionyesha dalili ya toba kabla ya kufa, mlango unafunguka. Pakiwa na shaka, anaulizwa askofu, haulizwi katibu wa jumuiya. Kanuni ya 1183 inampa mazishi hayo hata mkatekumeni ambaye hajabatizwa. Na ya 1181, ikizungumzia sadaka za mazishi, inaonya maskini wasije wakanyimwa haki yao. Muuza mihogo asiye na bahasha nimemtafuta humo mstari kwa mstari. Hayumo.

Jumuiya ndogo ndogo hazikuzaliwa ili ziwe kizuizi cha barabarani. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, walizifanya kuwa mkakati wa uchungaji kwa sababu parokia zilikuwa kubwa mno na mapadre wachache mno. Walitaka Kanisa lishuke hadi kwenye ua wa nyumba, majirani wanaojuana kwa majina, wasome Injili na kuulizana: nani hapa hajala, nani mgonjwa, mtoto wa nani amefukuzwa shule? Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge aliyachukua maisha ya namna hiyo kwa uzito hadi akajiunga na wanakijiji wa kijiji cha Ujamaa cha Nyabihanga. Askofu mzima! Sisi leo tunasoma Injili kwa dakika tano, halafu matangazo ya michango yanachukua dakika arobaini: ujenzi wa nyumba ya mapadre, mavuno, tegemeza jimbo, zawadi ya jubilei ya fulani, sare za kikundi fulani. Aliyefiwa wiki iliyopita anakaa pale kimya, anasubiri mtu amuulize hali yake, hadi sala ya kufunga.

Najua jibu lenu. Mtasema pasipo kubanwa watu hawatasali jumuiya, watakumbuka Kanisa siku ya msiba tu. Kuna ukweli humo. Nimewaona wanaume wenye magari wasiojua hata jumuiya yao inasali nyumba ya nani. Lakini hao hamuwabani! Tajiri wa mtaani kwetu hajakanyaga jumuiya miaka mingapi sijui. Alipofiwa na baba yake, deni lote la bahasha lililipwa kwa mkupuo asubuhi ya msiba, na madhabahuni nikahesabu mapadre watatu. Kumbe utoro unafutika kwa fedha. Basi tuache kuuita utaratibu huu adhabu ya utoro, tuuite ada.

Wala simlaumu mwenyekiti wangu peke yake. Amepewa makisio na kanda, kanda imepewa na parokia, na asipoyafikisha anasomwa hadharani. Anabanwa, naye anambana aliye chini yake, hadi mzigo unamfikia aliyekufa asiyeweza kujitetea. Lakini Kanisa linajua kukataa fedha likiamua. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alitangaza kuwa fedha alizotoa Rais Ruto wa Kenya katika parokia ya Soweto zitarudishwa, na mamilioni yale yalikuwa ya kujengea nyumba ya paroko. Tukiweza kuziacha milioni za rais, tunashindwaje kuziacha shilingi elfu kumi za mjane?

Kuzika wafu ni mojawapo ya matendo saba ya huruma ya kimwili. Tumewakaririsha watoto wa Komunyo ya Kwanza. Yosefu wa Arimathaya alikwenda kwa Pilato kuomba mwili wa mtu aliyehukumiwa kuwa mhalifu. Hakuombwa barua.

Baba Paroko, ukurasa wa yule mama nimeuchana. Daftari lililobaki nitalileta ofisini kwako Jumatatu, na muhuri wake. Mtafute katibu mwingine, au tufute huo utaratibu. Na kama hutanikatalia, naomba misa moja kwa ajili yake, Jumapili, ya saa nne, watoto wake wakiwa kiti cha mbele.