Nyumba ya Mjomba Hailipi Deni la Mwajiri



Jumapili moja baada ya ibada alitujia kijana mmoja ambaye ni mfagiaji katika kiwanda cha hapa Nairobi. Jina lake hatulitaji, wala hatukitaji kiwanda, kwa kuwa bado anakihitaji kibarua hicho. Mkononi alishika karatasi yake ya mshahara. Ujira wa msingi ulikuwamo, makato yote ya lazima yalikuwamo, lakini mahali pa marupurupu ya nyumba palikuwa patupu. Alipomwuliza karani sababu, alijibiwa kwa kicheko: "Wewe si unakaa kwa mjomba wako Dandora? Fedha za nyumba unazitakia nini?"

Kijana huyu hakai bure. Kila mwezi humlipa mjomba wake shilingi 3,500 kwa chumba kimoja cha mabati. Mjomba mwenyewe ni mzee aliyestaafu, asiye na pato jingine ila vyumba vinne alivyovijenga kwa kiinua mgongo chake. Kodi hiyo ndiyo unga wake, na ndiyo dawa yake ya shinikizo la damu. Mwezi ambao mpwa hushindwa kulipa, mzee hamtupii virago nje kama ambavyo angefanya mwenye nyumba mwingine. Hunyamaza, kwa sababu huyo ni mtoto wa dada yake. Mwajiri anajua kwamba mzee atanyamaza, na juu ya ukimya huo amejenga sehemu ya faida yake.

Tangu siku hiyo tumewasikia wengine wakisimulia jibu lilo hilo: dada apangaye chumba kwa kaka yake, mlinzi apangaye kwa baba mkwe, mpishi apangaye kwa shangazi. Wote wameambiwa kwamba mwenye jamaa mjini hana haja ya fedha za nyumba. Sisi tunasema wazi kwamba jibu hilo ni dhuluma, na kwamba halina mguu wa kusimamia katika sheria za Kenya.

Sheria inasemaje? Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri, kwa gharama yake mwenyewe, ampe mfanyakazi makao yanayofaa karibu na kazi. Au, asipompa makao, amlipe fedha za kutosha, juu ya ujira wake, ili ajipatie makao hayo. Sheria hiyo imetaja pia hali ambazo wajibu huo haumhusu mwajiri: mkataba wa kazi ukiwa tayari umeunganisha fedha za kodi ndani ya mshahara, au mapatano ya pamoja na chama cha wafanyakazi yakiwa yamefanya hivyo. Tumekisoma kifungu hicho mwanzo hadi mwisho. Hatukuona mahali palipoandikwa kwamba wajibu huo huondoka ikiwa mwenye nyumba ni mjomba, kaka au mkwe wa mfanyakazi.

Na wale wanaojificha nyuma ya neno "mshahara wa jumla" wasikilize vizuri. Agizo la ujira la mwaka 2024 liliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa kawaida wa Nairobi, akiwamo mfagiaji, kuwa shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi, bila fedha za nyumba. Kanuni za ujira zinaongeza juu yake asilimia 15 kwa ajili ya nyumba, nayo ni kama shilingi 2,417. Basi mfagiaji asiyelipwa zaidi ya kima hicho hawezi kuambiwa kwamba nyumba imo humo ndani. Haimo. Na hata akilipwa shilingi hizo 2,417, bado hazitoshi kodi ya chumba kimoja cha mabati kwa mjomba wake. Hicho kidogo ndicho anachonyang'anywa.

Tutazame pia unafiki ulio katika karatasi ile ile ya mshahara. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake wote kwa ajili ya nyumba. Je, yuko karani aliyewahi kumwambia kijana wetu, "Wewe unakaa kwa mjomba wako, kwa hiyo hatutakukata"? Wakati wa kutoa, undugu wake hauulizwi. Wakati wa kupokea, mjomba hutolewa ushahidi dhidi yake. Dau la mnyonge haliendi joshi, nao waliokaa omoni huapa kwamba ni upepo.

Lawama nyingine tunalitupia neno lenyewe. Marupurupu ni vitu vya ziada, makombo yanayodondoka kutoka meza ya mwenye kushiba. Mtu akisikia neno hilo huona haya kudai, kana kwamba anaomba sadaka. Lakini fedha za nyumba hazikudondoka mezani kwa mtu. Mnamo Julai 1939 vibarua wa idara ya ujenzi ya serikali ya kikoloni waligoma huko Mombasa wakidai fedha za nyumba, na mgomo ukaenea hadi bandarini. Hawakuwa na chama chenye nguvu, wala gazeti, wala mbunge. Walikuwa na mikono yao tu, wakaikunja. Anayeziita fedha hizo hisani amewasahau wazee hao.

Na tukiitazama zaidi historia, tutaona hoja ya yule karani ilikotoka. Serikali ya kikoloni ilimlipa Mwafrika wa mjini ujira wa kapera, hata kama alikuwa na mke na watoto watano. Sababu ilikuwa nini? Ilisemwa kwamba ana jamaa na shamba huko nyumbani. Kwamba mkewe atalima, watoto watakula huko, na akizeeka atarudi huko. Mwajiri akalipa nusu ya gharama ya mtu, na ukoo ukalipa nusu ya pili. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Carpenter, mkuu wa idara ya kazi ya serikali hiyo hiyo, ilikiri kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni za watu binafsi, na karibu robo ya walio katika utumishi wa umma, walipata ujira usiotosha mahitaji yao ya lazima. Kamati hiyo ilipendekeza ujira upimwe kwa mahitaji ya jamii na si ya kapera. Leo bendera ni yetu, lakini karani anayemwambia mpwa akale kwa mjomba anaendesha hesabu ile ile ya mkoloni. Ametoa shamba la kijijini, akaweka chumba cha Dandora.

Dada zetu wanaijua hesabu hiyo kuliko sisi wanaume. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, mwanamke aliyeolewa katika utumishi wa umma alinyimwa marupurupu ya nyumba kwa hoja kwamba mume wake ndiye ampaye makao. Alifundisha saa zile zile na kuuguza wagonjwa wale wale, lakini ndoa yake ikafanywa sababu ya kumpunja. Ubaguzi huo ulipigwa vita mpaka ukashindwa. Ikiwa tulikataa mume asifanywe kisingizio cha kumnyima mke, kwa nini leo tukubali mjomba awe kisingizio cha kumnyima mpwa?

Wapo watakaotuuliza: "Mkiruhusu hivyo, si kila mtu ataandika risiti ya uongo kwa jina la shangazi yake?" Swali hilo hatulidharau. Tunajua kwamba hila zipo. Mkubwa akiipangishia idara anayoiongoza nyumba yake mwenyewe kwa jina la mkewe, huyo ni mwizi, na tutakuwa wa kwanza kupaza sauti. Lakini hila hukaguliwa kwa kuyatazama mapatano, wala si kwa kuhesabu damu.

Uingereza, nchi iliyotutawala, nayo imekutana na swali hilo. Huko msaada wa kodi ya nyumba hutoka katika hazina ya umma na kuwaendea wenye pato dogo. Kwa hiyo sababu ya kuogopa hila ni kubwa kuliko kwetu, ambako anayedaiwa ni mwajiri aliyepokea jasho la mtu. Hata hivyo, kanuni zao za mwaka 2006 hazikusema kwamba apangaye kwa jamaa asipewe kitu. Miongoni mwa masharti yake, zilisema asipewe ikiwa mwenye nyumba ni ndugu wa karibu na wanaishi wote katika nyumba hiyo moja; au ikiwa mapatano yao hayana msingi wa kibiashara; au ikiwa yametungwa ili kuchuma msaada tu. Ndugu wa karibu wakatajwa: wazazi, watoto, kaka na dada, wa kambo, wakwe, na wenzi wao. Mjomba hata hayumo. Kwa wengi walio katika umri wa kufanya kazi msaada huo umeingizwa katika malipo ya pamoja yaitwayo Universal Credit, lakini sharti la ndugu wa karibu aishiye pamoja na mpangaji limebaki. Hatuwaleti Waingereza wawe walimu wetu wa haki. Tuliyoyaona kwao tunayakumbuka. Tunauliza tu: ikiwa hazina ya umma, inayolipa bila kufanyiwa kazi, hutazama mapatano kabla ya kumnyima mtu, mwajiri wetu aliyekwisha kufanyiwa kazi anapata wapi ruhusa ya kumnyima kwa sababu ya ukoo peke yake?

Kwa ninyi waumini tunalo neno zaidi. Someni tena habari za Yakobo katika nyumba ya Labani, mjomba wake. Hata Labani, mtu mwenye hila nyingi, alianza kwa kutambua kwamba udugu si sababu ya mtu kutumikishwa bure, akamwuliza mpwa wake ataje ujira wake. Baadaye alimdanganya na kuubadili ujira huo mara kumi, na Maandiko hayakumsifu kwa hilo. Ikiwa mjomba mwenyewe hakuruhusiwa kuutumia udugu kumpunja mpwa wake, mwajiri ambaye hata si wa ukoo anaingiaje kati yao na kuutumia?

Wala tusidanganywe kwamba kudai ni kuvunja mila. Mila zetu zinamkaribisha mgeni, lakini siku ya tatu humpa jembe, kwa sababu wazee walijua kwamba ukarimu una gharama na kwamba mtu mzima hubeba sehemu yake. Mpwa anayelipa kodi kwa mjomba wake anatimiza mila. Anayezivunja ni yule anayeugeuza ukarimu wa maskini kuwa akiba ya tajiri.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila apangaye kwa jamaa aandikiane naye mapatano, hata kwa karatasi ya daftari: chumba, kiasi, tarehe, sahihi mbili na shahidi. Ulipapo kodi, pokea risiti au lipa kwa simu ili kumbukumbu ibaki. Sheria haikudai risiti hiyo kabla ya kulipwa, lakini itawafunga midomo wenye kusema unakaa bure. Pili, tunza kila karatasi ya mshahara na usome mkataba wako. Usipopewa mkataba wa maandishi, ujue kwamba sheria inamtwisha mwajiri mzigo wa kukanusha maneno yako. Tatu, usikawie. Madai ya ajira yana kikomo cha miaka 3, na kwa dhuluma inayoendelea ni miezi 12 tangu ilipokoma. Nenda kwa chama chako au kwa afisa wa kazi, na ikibidi katika Mahakama ya Ajira, ambayo mara nyingi imewapa wafanyakazi ile asilimia 15 waliyonyimwa. Nne, makanisa yetu yaanze nyumbani. Parokia na shule zetu huajiri wapishi, walinzi na wafagiaji. Tuzikague karatasi zao za mshahara kabla ya kuhubiri juu ya za wengine.

Hatukudai vyama vingi ili orodha ya vyama iwe ndefu. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, na Katiba mpya ilipozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, tuliambiwa kwamba mnyonge sasa ana pa kusimama. Ibara ya 41 imempa haki ya ujira wa haki, na Ibara ya 43 haki ya makao yanayofaa. Haki hizo hazina maana ikiwa karani mmoja anaweza kuzifuta kwa kicheko na kwa jina la mjomba.

Mzee wa Dandora ametimiza wajibu wake: alimfungulia mlango mtoto wa dada yake. Mpwa naye ametimiza wake: ameufagia uwanja wa kiwanda kila alfajiri. Katika watu hao watatu amebaki mmoja tu ambaye hajalipa deni lake. Tunamdai, na hatutachoka kumdai.