Tusiifute ritifaa kwa ajili ya mashine

Muhula uliopita, mimi na wenzangu tulikuwa tukisahihisha orodha ya maneno ya Kiswahili na Kifaransa kwenye kompyuta. Kila tulipofungua fomu ya neno ng'oa, kisanduku kilionyesha ng tu. Upande wa Kifaransa, l'eau ilibaki l. Mwenzetu mmoja alihifadhi bila kuangalia, na maneno yakapotea hivyo hivyo. Kisha likatoka shauri: tuandike bila ritifaa, yaishe.

Mimi nalipinga shauri hilo. Kung'oa ni kutoa mti na mizizi yake. Ngoa ni tamaa au wivu. Anayefuta ritifaa hafuti pambo, anafuta fonimu.

Kosa lilikuwa wapi? Kiolezo cha ukurasa wa HTML kilizungushia neno letu ritifaa mbili: value='ng'oa'. Kivinjari kilipokutana na ritifaa ya neno lenyewe, kilidhani thamani imekwisha. Dawa ni kukinga alama: injini ya violezo igeuze ritifaa kuwa &#39;, nacho kivinjari kitamwonyesha msomaji ritifaa ile ile. Katika PHP, kabla ya toleo la 8.1 la mwaka 2021, htmlspecialchars isipoagizwa vingine ilikinga alama ya " lakini ikaiacha ritifaa.

Wengine watasema: basi tukinge kila mahali kwa namna moja. Haitoshi. Thamani isiyozungushiwa alama yoyote hukatwa na nafasi tupu. Ndani ya onclick, kivinjari hurudisha kwanza &#39; kuwa ritifaa, ndipo kisome JavaScript; kinga imekwisha kuvuliwa, na mwenye nia mbaya anaweza kupenyeza amri zake. Ndiyo maana html/template ya lugha ya Go hutazama kwanza neno limekaa wapi, kisha huchagua kinga inayofaa mahali hapo.

Je, hilo si somo letu? Walimu wetu hutuambia kila siku kwamba alama moja hubadili kazi kwa kufuata muktadha. Basi tusiwaachie wanainformatiki peke yao kamusi zetu. Tukae nao, tuwape ng'oa kuwa neno la kwanza la majaribio. Likirudi zima, kazi iendelee. Likirudi ng, kitengenezwe kiolezo, si tahajia.