Mabakuli matano ya futari, chakula cha aina moja

  

Ndugu msomaji, itazame futari inavyoandaliwa katika nyumba zetu nyingi za mwambao. Upo muhogo wa nazi, yapo magimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi za nazi na tambi za sukari. Pembeni zimo chapati, kaimati na jagi la juisi. Mwenye nyumba humshukuru Mola kwa riziki hiyo, na wageni husifu. Lakini tukiyahesabu makundi ya chakula badala ya mabakuli, tutaona kwamba mabakuli yote matano ni ya kundi moja tu, nalo ni la wanga. Chapati na kaimati nazo ni wanga ulioongezewa mafuta na sukari.

Mwongozo wa chakula wa Tanzania Bara wa mwaka 2023 unayataja makundi sita: nafaka, mizizi na ndizi mbichi, mboga, matunda, jamii ya kunde, karanga na mbegu, vyakula vya wanyama kama samaki, nyama, mayai na maziwa, na mafuta yenye afya. Kosa letu ni kudhani kuwa wingi wa vyombo ndio ukamilifu wa mlo. Ushahidi kwamba sivyo tunao nchini mwetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa, mkoa unaosifika kwa mahindi, ilikuwa na zaidi ya nusu ya watoto wake katika hali hiyo. Sababu za udumavu ni nyingi, yakiwemo maradhi, lakini mojawapo ni mtoto kushibishwa chakula cha aina moja kila siku.

Jambo la pili ni kipimo. Kalori ni kipimo cha nguvu ambayo mwili huipata katika chakula. Kwa makadirio, mwanamke mzima huhitaji kalori 2,000 kwa siku na mwanamume 2,500, kutegemea umri, umbo na kazi. Saumu hubadilisha saa za kula. Haiongezi mahitaji hayo. Gramu moja ya wanga au protini hutoa kalori 4, ilhali gramu ya mafuta hutoa 9, hata kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kikawa na kalori karibu 120. Ama sukari, Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi sehemu moja ya kumi ya kalori zote. Kwa mwenye kuhitaji kalori 2,000, hizo ni gramu 50, yaani vijiko vya chai vipatavyo 12. Chai, juisi, tambi na kaimati za kikao kimoja zaweza kukimaliza kiasi hicho kabla ya adhana ya Isha.

Basi na tupange. Mama wa kalori 2,000 anaweza kuzigawa hivi: 600 wakati wa kufuturu, 700 baada ya tarawehe na 700 wakati wa daku. Afuturu kwa tende na maji kama ilivyo sunna, kisha bakuli dogo la uji, aina moja tu ya wanga, mbaazi au kunde, na kipande cha papai au tikiti. Usiku, nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe wali, na robo iwe samaki au dagaa. Daku iwe ugali wa dona au mkate wa ngano isiyokobolewa, pamoja na maharage, yai, mtindi na maji ya kutosha.

Wapo watakaosema kuwa chakula cha namna hii ni cha matajiri. Sikubaliani nao. Ondoa mabakuli matatu ya wanga, punguza sukari na mafuta ya kukaangia, na fedha hiyo hiyo itanunua kunde, mchicha, dagaa na machungwa.

Wengine husema, "Tumefunga kutwa, tuacheni tule." Nao tuwakumbushe kwamba katika Suratul A'raf, aya ya 31, tumeamrishwa kula na kunywa na tukakatazwa israfu. Na katika hadithi aliyoipokea Imam Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuliacha tumbo na nafasi ya maji na ya pumzi.

Tusiwasahau wasiofunga. Watoto wadogo wengi hushinda na kiporo cha uji kwa kuwa jiko limezimwa hadi alasiri. Hao wanastahiki chakula chao cha mchana kilichokamilika. Mama anyonyeshaye huhitaji kalori zipatazo 500 zaidi ya kawaida yake. Mwenye kisukari naye amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, kwani sheria yetu imempa mgonjwa ruhusa.

Mwisho, lawama hii tusiwatwishe akina mama peke yao. Mara nyingi baba ndiye anayetoa fedha, na ndiye anayenuna akikuta vyombo vichache. Enyi akina baba, kaeni na wake zenu kabla ya kwenda sokoni, mshauriane juu ya makundi sita, na msifuni mpishi aliyepunguza muhogo akaongeza mchicha. Hata sahani tunayompelekea jirani iwe na kunde na matunda. Miili yetu na ya watoto wetu ni amana, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.