Kijiji Kisichouza Mpunga

Umevuna mpunga. Magunia yamesimama ndani ya nyumba. Kesho mchuuzi anakuja na mizani yake. Watoto wanataka sare za shule, na deni la dukani linakungoja. Utafanya nini? Utauza, hata kama bei ni mbaya. Miezi michache baadaye utakwenda dukani kununua mchele, na bei itakuwa imepanda. Wakulima wengi wanayajua mambo haya.

Leo tukitazame kijiji kimoja ambako mchuuzi huyo hapati kitu. Kijiji hicho kinaitwa Ciptagelar. Tamka Chiptagelar. Kiko mbali sana, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika nchi ya Indonesia. Indonesia ni nchi ya visiwa vingi, zaidi ya 17,000. Kisiwa kimoja kinaitwa Java. Magharibi ya Java, kusini ya jiji la Jakarta, iko milima ya Halimun. Maana ya neno Halimun ni ukungu. Ciptagelar kiko katika milima hiyo, na baridi huko si haba.

Wenyeji ni Wasunda. Chakula chao ni wali, asubuhi na jioni. Wewe unasema mpunga, mchele, wali. Wao wanasema pare, beas, sangu. Kitu kimoja, majina matatu, kama sisi. Mtu asiyelima mpunga jina moja humtosha.

Sheria yao ya kwanza ni hii: mpunga hauuzwi. Mchele pia hauuzwi. Wanaamini kuwa mpunga ni uhai, na mtu hauzi uhai wake. Sheria ya pili ni kulima mpunga mara moja tu kwa mwaka.

Je, wanajuaje wakati wa kulima? Wazee hutazama nyota. Ziko nyota ndogo zilizokusanyika pamoja, ambazo wazee wetu waliziita Kilimia. Wasunda wanaziita Kerti. Kerti zikionekana, watu hutengeneza majembe na mapanga. Kisha hungoja kundi jingine la nyota, ambalo ndani yake mna nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja. Kundi hilo wanaliita Kidang. Kidang likionekana, watu hushuka mashambani. Wote hulima katika majira mamoja. Hakuna anayepanda peke yake.

Jambo hili lina faida kubwa. Mashamba yote yakivunwa wakati mmoja, wadudu wa mpunga hukosa chakula. Hawana shamba jirani la kuhamia. Ardhi nayo hupumzika, na watu hufuga samaki katika majaruba yenye maji.

Sehemu nyingine za Java mambo yalikwenda tofauti. Katika miaka ya 1970 serikali iliwahimiza wakulima wapande mbegu mpya zinazokomaa upesi. Wakulima walivuna mara mbili, hata mara tatu kwa mwaka. Mavuno yaliongezeka sana, na mwaka 1984 Indonesia ilijitosheleza kwa mchele. Hilo halikuwa jambo dogo kwa nchi yenye watu wengi vile. Lakini alikuwako mdudu mdogo wa rangi ya kahawia, anayefyonza maji ya mpunga. Wanamwita wereng. Sasa alipata chakula mwaka mzima. Watu walipiga dawa, na dawa ikaua pia buibui na wadudu wengine wanaomla wereng. Yeye akazidi kuzaana. Mwaka 1986 serikali ya Indonesia ilipiga marufuku aina 57 za dawa katika mashamba ya mpunga. Ciptagelar hawakufuata mbegu hizo. Waliendelea na mbegu za wazee wao, na aina zake ni nyingi. Mpunga wao hukaa shambani miezi mingi kabla ya kuvunwa.

Kuvuna kwenyewe ni kazi ya subira. Hawafyeki kwa mundu. Wana kisu kidogo sana, kinachokaa ndani ya kiganja. Mvunaji hukata suke moja moja. Masuke hufungwa miganda, na miganda hutundikwa juu ya chanja ndefu za mianzi. Hapo hukaa kwa majuma kadhaa, jua na upepo vikikausha. Hawapuri mpunga wote. Huuweka ghalani pamoja na masuke yake.

Sasa tufike kwenye ghala, maana hapo ndipo penye akili. Ghala lao linaitwa leuit. Ni kama kihenge, lakini limejengwa kama nyumba ndogo. Linasimama juu ya nguzo, ili unyevu wa ardhi usilifikie. Chini ni jembamba, juu ni pana. Kuta ni za mianzi iliyosukwa, na paa ni la nyuzi nyeusi za mti unaofanana na mnazi. Mlango ni mdogo na uko juu kabisa, chini ya paa. Bila ngazi huingii. Mpunga uliokauka vizuri hukaa humo miaka mingi bila kuoza.

Kaya ina leuit yake. Lakini lipo pia ghala la wote, linaloitwa Si Jimat. Kila mwaka baada ya mavuno kuna sherehe kubwa, na mpunga hupelekwa katika ghala hilo kwa ngoma na maandamano. Mtu aliyepungukiwa huenda kukopa miganda hapo. Akivuna, anarudisha miganda. Halipi fedha, wala hamwuzii mtu shamba kwa sababu ya njaa.

Pengine unauliza: fedha za daftari na za hospitali wanapata wapi? Wanauza sukari wanayopika kutokana na maji ya ule mti wa paa. Wanauza mboga na ndizi. Wengine huenda mijini kufanya kazi. Mimi sikuambii uache kuuza mpunga wako. Kama huna zao jingine, utalipa nini shuleni?

Usidhani pia kwamba watu hawa wanakimbia mambo mapya. Mpunga wao hutwangwa kwa kinu na mchi, na mashine ya kukoboa hairuhusiwi. Lakini wanao umeme, unaotokana na maji ya mto wao. Tangu mwaka 2008 wana hata kituo chao kidogo cha televisheni. Wanawake wanatwanga, na taa inawaka. Nadhani akina mama wa hapa wangekuwa na swali kuhusu hiyo mashine.

Shida yao kubwa ni ardhi. Anayevuna mara moja kwa mwaka anahitaji shamba la kutosha, na maji yanatoka msituni. Msitu wao wameugawa: sehemu nyingine haikatwi kabisa, nyingine inalimwa. Lakini mwaka 2003 serikali ilipanua hifadhi ya taifa ya milima hiyo, ikawa zaidi ya hekta 113,000. Ardhi ya mababu ikajikuta ndani ya mipaka ya hifadhi. Mtu anaweza kulima shamba la babu yake, akaambiwa amevamia.

Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ya Indonesia iliamua kwamba misitu ya jamii za kimila si misitu ya serikali. Watu wengi walifurahi. Hata hivyo msitu haurudi kwa hukumu peke yake. Jamii yenyewe lazima kwanza itambuliwe kisheria, na mipaka yake ijulikane. Kwa hiyo watu wa Ciptagelar, waliozoea kusoma nyota, imewabidi wajifunze kupima ardhi na kuchora ramani zao wenyewe: hapa shamba, hapa chemchemi, hapa msitu usiokatwa.