Kiti Kitupu

Tumezoea kuilalamikia foleni kana kwamba ni mvua, jambo lishukalo mbinguni. Foleni ni sisi. Simama asubuhi pale Mwanakwerekwe, uhesabu vichwa badala ya magurudumu: gari la viti 5, mtu mmoja, nyuma yake jengine, mtu mmoja. Na huyu wa nyuma ni jirani wa yule wa mbele. Wametoka mtaa mmoja, ofisi zao zatazamana, na jioni watarudi vivyo hivyo, kila mmoja na petroli yake iliyovushwa bahari.

Wapo watakao barabara zipanuliwe. Ziende wapi? Unguja haifiki kilomita 100 kwa urefu, na magari haya yote yanaelekea mjini, penye vichochoro vilivyojengwa kwa kipimo cha mtu na punda. Tangu mwaka 2000 Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia. Hatutaubomoa ili viti vitupu vipate pa kuegesha.

Hoja inayojificha ni heshima. Mtu akipata cheo hununua gari, akishanunua hupandisha vioo, na daladala akaiona ni ya wanyonge. Sisemi daladala ni pepo: shingo huinamishwa, magoti hugongana, na utingo hukwambia "sogea" pasipobaki pa kusogea. Lakini zile gari za mbao za shamba zilikuwa na mabao marefu yenye kutazamana. Aliyepanda bila ya salamu alionwa na wote. Misemo mingi tuitiayo katika mashairi yetu hatukuipata vitabuni. Ilisemwa humo, na bibi mwenye pakacha la muhogo, akimjibu utingo. Malenga aliyejifungia na redio yake asikie nini?

Wengine huniuliza: mke wangu apande gari la jirani? Na leo, bwana, ukimwacha kituoni, hubanana na nani?

Sidai watu wauze magari. Nadai wanne wa mtaa mmoja waafikiane saa ya kutoka, wachangie mafuta, wapokezane zamu: wiki hii gari la huyu, wiki ijayo la yule. Hili halingoji mradi wa wafadhili. Mashua ya kuvusha watu haing'oi nanga kwa abiria mmoja, ila akilipa nafasi za wenziwe. Basi apendaye upweke barabarani naye alipe: maegesho ya mjini yatozwe kwa kila kiti kitupu, na anayefika na majirani zake aegeshe bure.